Nani aliye mbali? Kisa cha taarifa ya mikopo kati ya Mwanza na Nansio

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Mei 2024 katika ofisi ndogo ya ushauri wa hesabu iliyoko Kirumba, jijini Mwanza, ambako nilikuwa mratibu wa kazi. Ofisi yenyewe siitaji jina, wala sikitaji chama cha akiba na mikopo cha Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, tulichokuwa tukikihudumia, kwa sababu wahusika wote wangali kazini na wana heshima zao. Nakieleza kwa urefu kwa kuwa karibu kila aliyekisikia mara ya kwanza alisema kosa lilikuwa la mtandao, na mimi mwenyewe niliishikilia imani hiyo kwa siku kadhaa kabla sijafungua kumbukumbu za kazi na kuona jinsi mambo yalivyokwenda.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mwaka 2022 kodi ya pango ilipopanda tuliachia vyumba viwili kati ya vinne, na tangu hapo tukafanya kazi kwa mseto: sita tulibaki ofisini siku zote, wanne wakawa wanakuja siku mbili kwa wiki, na mmoja, dada aliyekuwa akiandaa takwimu za mikopo, akahamia Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kumuuguza mama yake na kuja Mwanza mara moja kwa mwezi. Tanzania haikuwafungia watu ndani mwaka 2020. Shule na vyuo vilifungwa Machi, na kufikia mwishoni mwa Juni vilikuwa vimefunguliwa vyote. Ofisi nyingi za hapa, kwa hiyo, hazikulazimika kujifunza kufanya kazi kwa mbali wakati ule ambapo ofisi za nchi nyingine zilijifunza kwa shida na kwa haraka. Sisi tuliingia kwa sababu ya kodi ya pango, tukiwa na vifaa mkononi na bila desturi yoyote ya kuvitumia pamoja.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida. Kikao cha kila Jumanne kilifanyika kwa Zoom isiyolipiwa. Maelekezo ya kila siku yalipita katika kundi la WhatsApp. Kazi yenyewe ilipaswa kukaa katika faili moja la Google Sheets, ambalo kila mtu angeweza kuliandika na kuona nani amebadilisha nini na saa ngapi. Nasema ilipaswa, kwa sababu watu wa ofisini walikuwa wamezoea kupakua nakala, kuifanyia kazi katika Excel, kisha kuirusha kwenye kundi ikiwa na jina jipya. Nilipokuja kuhesabu nilikuta nakala saba za taarifa hiyo hiyo moja, na mbili kati yake zilikuwa na neno "mwisho" katika jina.

Kutoka Mwanza hadi Nansio meli huchukua takriban saa tatu, na anayepita nchi kavu huzunguka kwa Bunda hadi Kisorya, kisha huvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Safari hiyo watu wa visiwani hawaichukulii kwa wepesi. MV Nyerere ilipozama 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, zaidi ya watu 200 walipoteza maisha, na mama wa mwenzetu alikuwa amemwomba binti yake asivuke maji kila wiki kwa ajili ya vikao. Tulilikubali ombi hilo kwa moyo safi, tukampa kompyuta mpakato, fedha za bando la kila mwezi na betri ya akiba kwa siku ambazo umeme ungekatika. Tuliamini kwamba kwa kumpa vifaa tulikuwa tumemaliza wajibu wetu.

Kazi iliyoleta mgogoro ilikuwa taarifa ya mikopo ya miezi mitatu ya mwanzo ya mwaka 2024, ambayo hesabu zake zilifungwa tarehe 31 Machi. Chama kilitaka kujua ni wakopaji wangapi wamechelewa kurejesha. Kwa chama chenye wavuvi na wachuuzi wa dagaa, jibu la swali hilo linategemea mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za umeme wa jua. Mwanga huwavuta juu, na wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa hupotea ndani yake, mavuno hupungua, na mitumbwi mingi hupumzishwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Mwaka huo mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Machi. Wiki ya mwisho ya robo ile, ambayo ndiyo iliyokuwa na marejesho mengi, iliangukia katika siku ambazo fedha hazikuwa zikiingia mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Wengi walilipa mwanzoni mwa Aprili, usiku wa giza uliporudi na mitumbwi ikarudi majini.

Jumanne tarehe 7 Mei kikao kilianza saa nne asubuhi. Sita tulikaa kuizunguka meza moja, na kompyuta moja ilikuwa mwisho wa meza, mbele ya mkurugenzi. Watano waliokuwa nje walituona kwa umbali na kumsikia vizuri mtu mmoja tu. Zoom isiyolipiwa hukata kikao cha watu wengi kinapotimiza dakika 40, na hapa naomba msomaji apatazame kwa makini, kwa sababu ndipo kisa kilipoanzia. Kikao kilipokatika, wawili kati ya wale watano walijiunga tena, wakasubiri mbele ya skrini isiyo na mtu, wakatoka. Sisi wa mezani hatukuona sababu ya kusimama. Chai ililetwa na chapati zake, tukaendelea kuzungumza, na katika robo saa iliyofuata tukakubaliana kwamba waliochelewa kwa siku zisizozidi kumi wasihesabiwe pamoja na wadaiwa, waorodheshwe peke yao. Ulikuwa uamuzi sahihi. Hakuna aliyeuandika.

Jioni mkurugenzi alituma kwenye kundi ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nimeusikiliza mara nyingi tangu siku hiyo. Dakika ya kwanza ni salamu na pole kwa mwenzetu aliyefiwa, ya pili ni michango ya msiba, na uamuzi kuhusu wadaiwa unaanza katikati ya dakika ya tatu na kumalizika ndani ya sekunde kumi na tano. Dada wa Nansio alisikiliza mwanzo, akatuma mchango wake, akarudi kwa mgonjwa. Usiku wa tarehe 8, saa tano na dakika 47, aliacha maoni kando ya safu ya marejesho katika faili la pamoja: "Waliolipa kati ya tarehe 1 na 10 Aprili tunawaweka wapi? Wengi ni wa dagaa, mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25." Asubuhi aliuliza tena kwenye kundi, na swali lake likafunikwa na orodha ya waliochangia msiba. Historia ya faili inaonyesha kwamba hakuna mtu wa Kirumba aliyeligusa tangu tarehe 29 Aprili. Alichokuwa akiuliza tulikuwa tumeshakiamua siku moja na nusu kabla, tukiwa na chai mezani. Alipokosa jibu alifuata kanuni ya zamani, akawaweka wote katika jedwali la wadaiwa, huku muhtasari wa ukurasa wa pili ukiandikwa Kirumba kwa kanuni mpya.

Jumapili tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa kwa wakati mmoja. Tanzania iliathirika sana, kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulitangaza kufunga kwa siku mbili. Mwanza iko mbali na bahari, lakini mawasiliano yake na dunia hushuka kwa mkongo wa taifa hadi pwani, kwa hiyo kilichokatika kule kilitufikia na sisi. Jumatatu ndiyo siku niliyopangiwa kulinganisha muhtasari na jedwali. Faili halikufunguka. Nilisubiri hadi Jumatano, kisha nikaagiza nakala zitumwe kwa WhatsApp, ambayo ilikuwa ikipitisha ujumbe kwa kusuasua, na nikamwomba dada aziunganishe na kuzichapisha katika steshenari ya Nansio. Kulinganisha sikulinganisha. Hilo lilikuwa kosa langu.

Mkutano wa wawakilishi wa chama ulifanyika Jumamosi tarehe 18 katika darasa la shule, nami nilivuka siku moja kabla. Ukurasa wa pili ulitaja wakopaji 38 waliochelewa. Jedwali la nyuma lilikuwa na 61. Mwenyekiti hakuiona tofauti hiyo, akaanza kusoma majina kutoka kwenye jedwali. Alipofika kama katikati, mama mmoja muuza dagaa alisimama kwenye dawati la tatu na kusema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hilo jina lirudie." Mwenyekiti akalirudia. Mama akafungua mkoba wa kitenge, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake stakabadhi iliyokunjwa mara nne, ya tarehe 3 Aprili, yenye muhuri wa chama. Aliinyoosha kwenye paja lake kwanza, kisha akaiinua juu. Hakumtazama mwenyekiti wala mimi niliyekuja na taarifa. Alimtazama mwenzetu aliyekaa karibu na dirisha, akasema, "Wewe unanifahamu. Dagaa za mama yako unanunua kwenye meza yangu."

Jumatatu tuliporudi ofisini maelezo yalikuwa yameshatengenezwa: mtandao ulikatika, na dada yuko mbali. Kila mtu alitosheka, na mapendekezo yalikuwa mawili, ama alipiwe intaneti bora zaidi au arudi Mwanza. Mkurugenzi aliniagiza niandike taarifa fupi ya tukio ili jambo lifungwe. Nilipopanga ujumbe, maoni ya faili na tarehe zake katika mstari mmoja, maelezo yale hayakusimama. Nyaya zilikatika tarehe 12, na kosa lilikuwa limeshaingia kwenye jedwali tangu tarehe 9. Kukatika kwa mtandao kulituondolea nafasi ya mwisho ya kuliona, na nafasi hiyo ilikuwa na thamani, lakini hata mtandao ungekuwa mzima juma lote, taarifa ingebaki imeandikwa kwa kanuni mbili.

Kuhusu dada kuwa mbali, nilijiuliza: mbali na nini? Sisi sote tulipima umbali kwa kuanzia meza ya Kirumba, kwa kuwa ndiko mkurugenzi anakokaa na ndiko kodi inakolipwa. Lakini taarifa ilikuwa ya Ukerewe, na kati ya watu kumi na mmoja ni mmoja tu aliyejua kwa nini marejesho ya mwisho wa Machi yalichelewa. Hata uamuzi wetu sahihi tuliufikia bila kuijua sababu, na muhtasari wetu uliandika kwamba wakopaji walichelewa "kutokana na mzunguko mdogo wa fedha", maneno ambayo hayamwelezi mtu chochote. Kwa kazi ile, tuliokuwa mbali ni sisi sita tuliokaa pamoja. Naliandika hili nikilimaanisha, kwa sababu naona ofisi nyingi za mseto za jiji hili zikimhesabu aliye nje kuwa ndiye tatizo la kutatuliwa, ilhali mara nyingi yeye ndiye aliye karibu na mteja, na ziwa, na shamba.

Teknolojia ilikuwa na sehemu yake, na si ndogo. Kamera moja mwisho wa meza huwafanya watu sita kuwa chumba na watano kuwa wageni wa chumba hicho. Dakika 40 zilikiua kikao upande mmoja na kukiacha hai upande wa pili, na upande uliobaki hai ndio uliotoa maamuzi wiki baada ya wiki. Nilipopitia kumbukumbu za miezi minne niliona kwamba karibu mambo yote mazito tuliyaamua baada ya kukatika. Ujumbe wa sauti nao humpunguzia kazi anayesema na kumwongezea anayesikiliza, kwa kuwa hauwezi kupitiwa kwa jicho wala kutafutwa kwa neno. Faili la pamoja, kifaa pekee kilichokuwa na kumbukumbu ya kila kitu, ndilo tulilolitumia kidogo kuliko vyote.

Watafiti waliochunguza mawasiliano ya wafanyakazi zaidi ya 61,000 wa Microsoft nchini Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, walikuta kwamba watu wote walipofanyia kazi nyumbani, makundi yalijifungia zaidi, viungo kati ya kundi na kundi vikapungua, na mazungumzo ya papo kwa papo yakapungua na nafasi yake kuchukuliwa na ujumbe. Kwetu kujifungia huko kulitokea ndani ya ofisi moja, kati ya meza na skrini. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake nao walichapisha mwaka 2024 jaribio la wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya Trip.com nchini China: waliokaa nyumbani siku mbili kwa wiki hawakupungukiwa na wenzao kiutendaji, na idadi ya walioacha kazi ikapungua kwa theluthi moja. Ila jaribio la awali katika kampuni hiyo hiyo, lililochapishwa mwaka 2015, ambamo watu walikaa nyumbani siku nne kati ya tano, linanigusa zaidi. Utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, ilhali nafasi yao ya kupandishwa cheo, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, ilishuka kwa karibu nusu. Mwenzetu wa Nansio alikuwa ameomba ukuu wa kitengo cha takwimu mapema mwaka huo, na sababu aliyopewa ya kutopewa ilikuwa kwamba kiongozi anatakiwa aonekane.

Mabadiliko yalianza Juni. Siku ya kikao kila mtu hujiunga kwa kifaa chake, hata tulioko chumba kimoja, tukiwa na visikilizi masikioni, na kikao kikikatika wote tunanyamaza hadi wote warudi. Wiki za kwanza tulijisikia ajabu kuketi pamoja na kuzungumza kupitia skrini, na mzee wetu wa mahesabu alilalamika waziwazi kwamba tunadharauliana. Sasa yeye ndiye anayetunyamazisha. Uamuzi hauhesabiwi kuwa umetolewa mpaka uandikwe katika ukurasa wa kwanza wa faili, pamoja na tarehe, sababu na jina la aliyeuandika. Hapa tulisumbuka zaidi, kwa maana mkurugenzi hakuacha ujumbe wa sauti, wala sidhani kama ataacha. Kijana mmoja wa ofisini amepewa jukumu la kusikiliza kila ujumbe wake na kuuandika katika faili kabla ya jioni. Nakala za kupakua tumezipiga marufuku, isipokuwa kwamba faili limewekwa liweze kufanyiwa kazi bila intaneti katika kompyuta ya kila mmoja na kujisawazisha mtandao ukirudi.

Majina ya wakopaji hayapiti tena WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikifanya kazi tangu 1 Mei 2023, na sisi mwaka mzima baadaye tulikuwa tukirusha madeni ya watu katika simu kumi na moja, baadhi yake zikichezewa na watoto nyumbani. Nilitaka pia suala la saa za kazi liangaliwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na maoni ya saa tano na dakika 47 usiku yalifuatwa na maelekezo ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jambo hilo lilikubaliwa kikaoni na kuandikwa, ila utekelezaji wake bado ni hafifu, na yule anayeuguza ndiye anayeendelea kuandika usiku.

Si kila umbali huondolewa kwa programu. Mwenzetu mwingine, anayeishi Sengerema, alikuwa miongoni mwa wale wa siku mbili kwa sababu ya foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, aliomba mwenyewe kuja siku nne. Kwa mtu wa Nansio daraja halipo, na ofisi sasa inampeleka mtu wa Kirumba kisiwani kila robo mwaka, akae siku tatu mwaloni na sokoni kabla ya hesabu kufungwa.

Taarifa ya robo ya pili ya 2024 ilifungwa tarehe 30 Juni, na mwezi ulikuwa mpevu tarehe 22. Dada alikuwa ameongeza safu mpya katika faili, kati ya tarehe ya rejesho na tarehe ya malipo, na kuipaka rangi ya kijivu siku zote za mbalamwezi. Mkurugenzi aliandika maoni kando yake, kwa mkono wake mwenyewe na bila sauti: "Dada, hii safu ni ya nini?" Alimjibu kwa mistari sita, akianza na "Shikamoo mzee", akaeleza taa, giza na mitumbwi inavyopumzishwa. Jibu hilo bado lipo pale, na wakopaji 19 wa robo ile waliorodheshwa peke yao, pamoja na sababu yao.